Jinsi ya Kuwa Wakili wa Madai Visiwani Karibi

Ukiwa wakili wa madai, jiandae kwa swali moja ambalo shangazi zako watakuuliza kila Krismasi mpaka uzeeke: "Sasa wewe umemfunga nani, au umemtoa nani?" Jibu ni kwamba hujamfunga mtu wala hujamtoa mtu. Umeandika barua, umehesabu siku, umekaa kwenye benchi la mahakama hadi mgongo ukauma, na mwishowe mjane mmoja amelipwa fidia ya mumewe aliyegongwa na lori. Hakuna gazeti lililoandika. Mjane peke yake ndiye aliyejua, naye alilia.

Mwongozo huu ni wa kijana wa Kingston, Bridgetown, Castries au Port of Spain anayeitaka kazi hiyo. Ni wa msomaji wa Kiswahili pia, kwa sababu Karibi na Afrika Mashariki zimerithi sheria kutoka nyumba moja. Rufaa za Kenya na Tanganyika ziliwahi kwenda mahakama ileile ya London ambayo Jamaika inaitumia hadi leo. Humu nitamcheka wakili anayestahili kuchekwa, lakini ushauri ni wa kweli, wa kwanza hadi wa mwisho.

Hatua ya 1: Soma nyumbani, na umheshimu konokono

Zamani, kijana wa Karibi aliyetaka uwakili alipanda meli. Norman Manley wa Jamaika na Hugh Wooding wa Trinidad wote walisomea Uingereza, kisha wakarudi kupambana mahakamani mwao. Aliyekosa nauli aliikosa kazi. Mambo yalibadilika mwaka 1970, Chuo Kikuu cha West Indies kilipofungua kitivo cha sheria Cave Hill, Barbados. Shahada ni miaka 3, na siku hizi inasomwa pia Mona, Jamaika, na St Augustine, Trinidad.

Huko utakutana na konokono. Mwanafunzi wa sheria wa Nairobi na wa Dar es Salaam anamjua pia: ndiye yule aliyesemwa kuwa alikuwa ndani ya chupa ya soda ya tangawizi, katika mkahawa wa mji wa Paisley, Scotland. Hukumu yake, Donoghue dhidi ya Stevenson, ilitoka mwaka 1932, na ndiyo mama wa sheria ya uzembe katika nchi zetu zote.

Wanafunzi wengi humcheka konokono, wakakariri jina la kesi na kwenda zao. Wewe mwangalie mama aliyeinywa soda hiyo. Soda haikununuliwa na yeye, ilinunuliwa na rafiki yake, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Hakuwa na fedha pia, hata akaomba kuruhusiwa kuendesha rufaa yake kama fukara. Mama fukara aliyekunywa soda ya kununuliwa aliwafanya majaji wa juu kabisa waamue kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mlaji asiyemjua. Atakayeielewa habari hiyo hadi ndani ameshaanza kuwa wakili wa madai.

Hatua ya 2: Rudi darasani, mara hii kwa vitendo

Ukishapata shahada, shangazi watakuita wakili. Wakatalie kwa adabu, maana bado miaka 2. Baraza la Elimu ya Sheria la ukanda huo lina vyuo vitatu vya mafunzo ya kazi: Norman Manley kule Mona na Hugh Wooding kule St Augustine, vilivyofunguliwa mwaka 1973, na Eugene Dupuch mjini Nassau, Bahama, kilichofunguliwa mwaka 1998. Mwenye shahada ya West Indies huingia moja kwa moja. Aliyesomea chuo cha nje hufanya mtihani wa kuingia, na huo umewakausha wengi koo.

Hapa ndipo maneno makubwa yanapokutana na karatasi ndogo. Utajifunza kuandika hati ya madai ambayo karani wa masjala hatairudisha, na kuapisha hati ya kiapo ipasavyo. Vyuo vina kliniki za msaada wa kisheria ambako wanafunzi, chini ya usimamizi, huwahudumia watu wasioweza kulipa. Wapo wanaoiona zamu ya kliniki kama adhabu, wakipiga hesabu ya kutoroka mapema. Hao ndio watakaokuja kushangaa kwa nini shahidi wao hawaambii ukweli. Mtu maskini hufunguka kwa mtu anayemsikiliza, na kusikiliza kunafundishwa kwenye kliniki.

Hatua ya 3: Vaa joho, kisha ulitundike

Siku ya kuapishwa ni tamu. Wakili mkongwe husimama na kukuelezea mbele ya jaji: umetoka kijiji gani, nani alikulea, nani alikulipia ada. Mama yako atakuwa amekaa mstari wa mbele na kofia yake ya kanisani. Furahi, umeistahili.

Kesho yake litundike joho, maana wapo waliooana nalo. Wanalivaa kuvuka barabara kwenda kununua chakula cha mchana, na jua la Karibi linawapiga hadi wanatota kama waliotoka baharini. Ukimuuliza mmoja wao shauri lake limefikia wapi, anakujibu kwa Kilatini. Mteja hakuja kwa ajili ya Kilatini, alikuja kwa ajili ya ukuta wa jirani uliojengwa juu ya bomba lake la maji.

Jambo jingine la kulijua mapema ni kwamba kiapo cha kisiwa kimoja hakivuki maji. Mahakama Kuu ya Karibi Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1967 na yenye makao makuu Castries, inahudumia maeneo tisa: nchi sita huru, kuanzia Antigua na Barbuda hadi Saint Vincent na Grenadines, na maeneo matatu ambayo bado yako chini ya Uingereza, yaani Anguilla, Montserrat na Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Mahakama ni moja, lakini ukitaka kusimama katika kila eneo lazima uandikishwe huko pia. Majaji wa rufani nao husafiri kisiwa hadi kisiwa, wakisikiliza mashauri ya hapa wiki hii na ya pale wiki nyingine. Chagua mkoba mwepesi.

Hatua ya 4: Pokea mfuko wa plastiki kwa mikono miwili

Mteja wako wa kwanza wa maana hatakuja na mkoba wa ngozi. Tuseme ni bibi wa miaka 70, na ameshika mfuko wa plastiki wa dukani uliofungwa fundo. Ndani mna risiti za kodi ya ardhi zilizofifia, barua ya kaka yake aliyehamia London, cheti cha ubatizo, na karatasi iliyokunjwa mara nane ambayo anasema ndiyo ramani. Anataka mpwa wake aache kuuza kipande cha ardhi ya familia.

Ardhi ya familia ni habari ndefu katika visiwa hivyo. Watumwa walipoachwa huru, wengi walijinunulia vipande vidogo, wakawaachia watoto wao wote kwa pamoja bila kugawa. Watoto wakazaa, wajukuu wakatawanyika Brooklyn, Toronto na Birmingham, na kila mmoja bado ana fungu lake. Saint Lucia huongeza chumvi yake: sheria zake za ardhi na urithi zimo katika Kanuni ya Madai ya mwaka 1879 yenye asili ya Kifaransa, kwa hiyo kitabu cha Kiingereza pekee hakitakufikisha. Msomaji aliyekulia kwenye shamba la ukoo Kilimanjaro au Kisii hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua ugomvi wa mpaka unavyoweza kukatiza salamu kwa miaka 30.

Basi usiukunjie mfuko pua. Fungua fundo mwenyewe, mezani, mbele ya bibi. Toa karatasi moja moja, mwulize ya kila moja, andika tarehe yake, nakili, rudisha. Itakuchukua saa mbili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la bibi huyu ndilo hilo. Risiti ya kodi iliyofifia huthibitisha nani alikuwa akiitunza ardhi mwaka gani. Barua ya kaka, yenye mstari mmoja wa "wewe kaa hapo, ni pako", inaweza kuamua shauri zima. Wakili aliyemwambia bibi aache mfuko kwa karani aje wiki ijayo ameshaanza kulipoteza shauri kabla hajalifungua.

Hatua ya 5: Iogope kalenda kuliko jaji

Ukisahau yote, shika hili. Jaji unaweza kumshawishi, lakini tarehe haisikii maneno.

Anza na ukomo wa muda. Mtu aliyeumizwa kwa uzembe ana miaka 4 ya kufungua madai Trinidad, na miaka 6 Jamaika. Bahari ni moja, ajali ni ileile, lakini anayeishi kwa mazoea ya kisiwa cha jirani atakuta mlango umefungwa. Kisha zinakuja siku za kujibu. Katika Karibi Mashariki, mdaiwa aliyepokea hati ana siku 14 za kukiri kuipokea na siku 28 za kuleta utetezi. Zikipita kimya, mdai anaweza kuomba hukumu bila kesi kusikilizwa.

Mwenye kudhani kanuni hizi ni za kuwatisha wadogo na akumbuke mwaka 2011. Mdaiwa alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Trinidad na Tobago, yaani Serikali yenyewe, katika shauri lililofunguliwa na kampuni ya Universal Projects. Utetezi haukuletwa kwa wakati, hukumu ikatolewa dhidi ya Serikali, na safari ya kuomba msamaha ikafika hadi London. Majaji wa London hawakuiokoa. Serikali yenye jengo zima la mawakili ilishindwa na kalenda.

Hata Mahakama ya Haki ya Karibi, ambayo nitaieleza punde, ilianza kazi yake ya rufaa kwa somo hilohilo. Shauri lake la kwanza kutoka Barbados lilikuwa la kashfa dhidi ya kampuni ya redio, na lililobishaniwa ni kama ilikuwa haki kuufuta utetezi wa kampuni kwa kutotii amri za mahakama.

Kwa hiyo weka kalenda tatu: moja ukutani, moja mfukoni, moja kwa katibu wako. Andika siku ya mwisho, kisha andika siku ya mwisho ya kwako, wiki moja kabla. Wiki hiyo ni ya kimbunga. Usidhani natia chumvi. Ivan aliipiga Grenada mwaka 2004, na Maria akaibomoa Dominika usiku wa Septemba 18, 2017. Baada ya upepo, masjala hufungwa na mafaili hulowa, lakini mashauri ya bima yanazaliwa kwa mamia, na mteja aliyeezuliwa paa anakungoja.

Hatua ya 6: Sikiliza lugha ya nyumbani

Shahidi wa Saint Lucia au Dominika huenda akafikiri kwa Kikwéyòl, na wa Jamaika kwa Kipatwa. Mahakama inaandika Kiingereza. Hapo katikati pana shimo, na humo haki nyingi zimezama.

Kila mji una wakili anayejivunia Kiingereza chake kilichonyooka. Humuuliza mvuvi maswali yenye vitanzi vitatu, mvuvi akajibu "ndiyo" kwa heshima tu, na "ndiyo" hiyo ikaandikwa. Wakili anakaa, ameridhika, kumbe ameandikisha uongo usio na mwongo. Wewe uliza swali fupi, na uliza kwa lugha ambayo mtu huyo hugombea nayo nyumbani. Penye haja, omba mkalimani mapema. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa sababu mtu anapaswa kuielewa hukumu inayomnyang'anya shamba. Visiwa vya Karibi bado vina safari hiyo mbele, na wakili mwema huianza mwenyewe ndani ya chumba chake cha mashauriano.

Hatua ya 7: Jua wa kumkataa na pa kumalizia

Kisiwa ni kidogo. Saint Kitts na Nevis kwa pamoja hazijazi hata mji wa wastani wa kwetu. Mdaiwa wa leo alikufundisha hesabu darasa la nne, shahidi anaimba na mkeo kwaya, na karani ni binamu wa mpwa wa bibi yule. Swahiba atakuomba umtetee dhidi ya mtu uliyemwandikia wosia mwaka jana. Kataa, na kataa siku hiyohiyo. Kesi ya nyani hapelekewi ngedere, na jina lililochafuka kisiwani halina pa kujificha.

Kwa kuwa wote wataendelea kukutana sokoni, usione haya kumaliza shauri nje ya mahakama. Usuluhishi umeingia katika kanuni za ukanda huo, na mahakama yenyewe hupeleka mashauri mengi kwa msuluhishi kabla ya kuyasikiliza. Kuna mawakili wanaoona suluhu kama aibu, kwa sababu hakuna pa kupigia hotuba. Wenye kulipia hotuba hizo ni wateja. Bibi akipata mpaka wake kwa kikao cha siku moja na chai mezani, umemshindia. Na siku unayoshinda mahakamani, kumbuka kwamba hukumu isiyokaziwa ni karatasi tu. Mpigie mdaiwa hesabu ya mali yake kabla hujafungua shauri.

Hatua ya 8: Panda rufaa, ukijua njia ni mbili

Siku ikifika ya rufaa ya mwisho, utatazama ramani. Jamaika, Trinidad na Tobago, Bahama na baadhi ya visiwa vidogo bado huenda kwa Baraza la Mfalme, Privy Council, London. Barbados, Guyana, Belize, Dominika, na tangu mwaka 2023 Saint Lucia, huenda kwa Mahakama ya Haki ya Karibi iliyozinduliwa Port of Spain Aprili 16, 2005. Ndiyo, mahakama iko Trinidad, na rufaa za Trinidad zinapanda ndege kwenda Uingereza. Wananchi wa Grenada na wa Antigua na Barbuda waliulizwa kwa kura mwaka 2018, wakachagua kubaki na London. Wengi waliogopa wanasiasa wa nyumbani kuliko majaji wa mbali, na hofu hiyo haistahili kudharauliwa. Hata hivyo naamini wamekosea. Mjane wa Kingston anayeshinda nyumbani anaweza kuburutwa hadi London na kampuni yenye fedha, na nauli tu ikamkatisha tamaa.

Mahakama ya Port of Spain imejithibitisha. Mwaka 2008, katika shauri la Reid, iliwaambia majaji wa chini kwamba hukumu haipaswi kukaa zaidi ya miezi 6 bila kutolewa, na kwa kawaida itoke ndani ya miezi 3. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yanayoumia ni ya wenye mashauri.

Kisha kuna Shanique Myrie. Alikuwa Mjamaika kijana aliyetua uwanja wa ndege wa Barbados Machi 14, 2011. Alizuiwa, akapekuliwa mwili kwa namna ya kumdhalilisha, akalazwa usiku kucha kwenye chumba kisichofaa, kesho yake akarudishwa kwao. Aliishitaki nchi nzima. Majaji walisikiliza ushahidi Jamaika na Barbados, karibu na waliohusika, na Oktoba 2013 waliamua kwamba raia wa Jumuiya ya Karibi ana haki ya kuingia nchi mwanachama na kukaa hadi miezi 6, isipokuwa kwa sababu maalumu za kisheria. Walimpa fidia ya dola za Barbados 77,240. Wasafiri wa ukanda mzima walipata haki kupitia mtu mmoja aliyekataa kunyamaza na mawakili walioyaandika vizuri madai yake. Afrika Mashariki ina mahakama yake ya jumuiya Arusha, na kesi hii inafaa kusomwa huko.

Mwisho wa njia

Ukifika mbali, utapewa cheo cha wakili mwandamizi, au utaitwa kuwa jaji. Huenda kazi ikakuvusha bahari kuja kwetu. Telford Georges, mzaliwa wa Dominika, alikuwa jaji Trinidad, kisha akateuliwa na Mwalimu Nyerere kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, kazi aliyoifanya kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Baadaye alifundisha sheria Cave Hill, akawa Jaji Mkuu wa Zimbabwe, kisha wa Bahama. Mtoto wa kisiwa kidogo alitumikia haki pande mbili za Atlantiki, kwa sheria ileile anayoisoma mwanafunzi wa leo.

Lakini wengi hawatakuwa Jaji Mkuu, na hilo si hasara. Watabaki na chumba kidogo juu ya duka la dawa, feni inayolia na kabati la mafaili. Kazi yao ni kutunza muda wa watu wengine: miaka ya bibi kwenye ardhi yake, siku 28 za mvuvi, miezi ambayo mjane hawezi kungoja tena. Wakili wa madai akizembea, mteja wake hupoteza alichokuwa nacho, na hakuna gereza litakaloonyesha kwamba jambo limetokea.

Kwa hiyo kijana, uwe wa Castries au wa Mwanza, kesho asubuhi akiingia mtu na mfuko wa plastiki, mpe kiti, fungua fundo, na kabla ya neno jingine lolote mwulize: "Bibi, hili lilitokea tarehe ngapi?" Iandike.